Nishani za Keya (K.A.R., King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza Afrika Mashariki): moja ina jina ukingoni, mbili hazina. Nianzie wapi?

Mwanjelwa_Kwetu:
Wakuu, kuna nishani tatu zimetoka kwenye sanduku moja huko Rungwe. Ya kwanza ni ya fedha, ina mpanda farasi na miaka 1914 na 1918. Ukingoni kuna namba, K.A.R. inasomeka, jina limefifia. Ya pili ina simba amesimama juu ya joka, 1939 na 1945. Ya tatu ni nyota ya Burma. Hizi mbili hazina jina popote. Ni feki? Muuzaji anadai zote ni za askari mmoja.

Kihesa_Juu:
Kukosa jina siyo dalili ya feki, mkuu. Nishani za kampeni za Vita ya Pili Uingereza ilizitoa bila jina. Afrika Kusini, India na Australia ndio waliogonga majina kwenye za kwao. Za Vita ya Kwanza ni kinyume: ile ya fedha hugongwa namba, cheo, jina na kikosi. Kwa hiyo mzigo wote uko kwenye hiyo moja.

Kuisoma usiisugue. Ingia chumba chenye giza, laza tochi ya simu karibu sambamba na ukingo, zungusha nishani polepole huku simu nyingine ikipiga picha. Kivuli kinaingia kwenye mikwaruzo ya herufi na namba inajitokeza. Namba ndiyo muhimu. Majina makarani waliandika kwa sikio, "Mwa" ikawa "Ma", L ikawa R.

Halafu pima kwa vernia (kipimo cha taya cha fundi), kipenyo ni 36 mm. Ikipungua, ama ni nakala ya kumimina (metali hunywea ikipoa), ama mtu kapiga tupa jina la zamani. Pima sehemu nne tofauti, maana tupa mara nyingi hula upande mmoja.

Na hiyo ya "askari mmoja" mimi siinunui. Aliyebeba bunduki 1916 apelekwe Burma 1944? Hiyo inanukia baba na mwana.

Chai_ya_Tukuyu:
Naongezea. Angalia tarakimu iliyo kabla ya K.A.R. Batalioni ya 1 na ya 2 ni za Nyasaland (Malawi ya leo), ya 3 Kenya, ya 4 Uganda. Ya 6 iliundwa 1917 kwa askari waliokuwa wa Mjerumani, kwa hiyo mtu wa 6 huenda alivaa sare mbili katika vita moja. Kuikuta ya Nyasaland Rungwe si ajabu: jeshi la jenerali Mwingereza Northey liliingia kutoka huko, likachukua Tukuyu Mei 1916 na Iringa Agosti.

Nakala za kadi za nishani ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, fungu WO 372. Kutafuta mtandaoni ni bure. Ila askari Waafrika hawamo kwa ukamilifu, kwa hiyo kukosa kadi hakumaanishi nishani ni ya uongo. Tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ni bure kabisa, lakini ina waliokufa tu: 1914 hadi Agosti 1921, na 1939 hadi 1947. Aliyerudi nyumbani hutamwona.

Kwa nyota ya Burma, uliza familia karatasi ya kuachishwa jeshi. Bila hiyo, nyota itabaki bubu.

Kihesa_Juu:
Na Braso (dawa ya kung'arishia shaba) iwe mbali! Kila ukisugua unakula herufi. Wala usitie kwenye vile vifuko vya plastiki laini vinavyonuka. Kwa unyevu wa Rungwe shaba inaota ukungu wa kijani. Kitambaa cheupe cha pamba, na kile kipakiti cha chembechembe kinachokuja kwenye boksi la viatu.

Mwanjelwa_Kwetu:
Nimepima: 36 sehemu zote nne. Tarakimu ni 1, na namba imetoka yote.

Chai_ya_Tukuyu:
Basi usianzie Dar. Nyaraka za Taifa za Malawi ziko Zomba, andika kule ukiwapa namba, batalioni, na jina kwa tahajia tatu nne. Mpaka wa Kasumulu siyo mbali.