Tupeane uzoefu: unapakuaje torenti nyumbani bila kuiacha ruta wazi?

Mleta mada
Wakuu, habari zenu. Uzi huu naomba tusimuliane yaliyotukuta wenyewe. Naanza mimi.

Napakua sana mifumo endeshi ya Linux, hasa Debian na Ubuntu, pamoja na rekodi za zamani za maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive. Wenyewe wanavitoa kwa torenti, yaani watumiaji hupeana vipande vya faili moja kwa moja, na mimi hupenda nikishamaliza kupakua niendelee kuwagawia wengine. Tatizo ni kwamba kugawa kulikuwa kunasuasua. Programu ilionyesha kuwa hakuna mtu wa nje anayeweza kunifikia. Nikaelekezwa niiweke kompyuta kwenye DMZ ya ruta. Nikaiweka, na siku hiyohiyo mambo yakanyooka.

Kumbe DMZ ya ruta za nyumbani maana yake ni hii: chochote kinachobisha hodi kutoka nje, kama ruta haina maagizo ya kukipeleka kwingine, kinatupiwa kompyuta hiyo. Nilihitaji poti (mlango wa mtandao wenye namba) moja, nikawa nimefungua zote 65,535. Na kompyuta hiyo ndiyo ilikuwa na folda ya familia isiyo na neno la siri. Wiki tatu baadaye nilifungua kumbukumbu za mfumo nikakuta majaribio ya kuingia usiku kucha, kutoka anwani nisizozijua kabisa. Sikuona aliyefanikiwa, lakini picha za wanangu zilikuwa humo. Nilitetemeka.

Nilizima DMZ, nikafungua poti moja ya programu, basi. Karibuni.

Mchangiaji wa 2
Pole sana mkuu. Mimi nilifungua poti moja tangu mwanzo na bado nikakosea. Niliielekeza kwenye 192.168.1.20, anwani ya kompyuta yangu wakati huo. Siku moja ruta ikazimwa, ilipowaka ikagawa anwani upya. Kompyuta ikapewa 192.168.1.23, na ile 20 ikaenda kwa kamera ya mlangoni. Kwa hiyo mlango niliojifungulia ukawa unaelekea kwenye kamera, na mimi sina habari. Nilishtuka tu kuona torenti zimerudi kusuasua.

Siku hizi kwanza naiambia ruta iitunzie kompyuta anwani moja ya kudumu, ndipo nafungua poti. Na kama mashine yako inabadilisha anwani yake ya MAC (namba ya kuitambulisha) kila inapojiunga na Wi-Fi, zima jambo hilo kwa mtandao wa nyumbani, la sivyo ruta itaiona ni mgeni kila mara.

Mchangiaji wa 3
Mbona mnajisumbua na poti kwa mkono? Mimi nimewasha UPnP kwenye ruta, programu inajifungulia poti yenyewe na ikizimwa inafunga. Miaka yote sijapata shida.

Mchangiaji wa 4
Ndugu yangu wa 3, nilikuwa nasema hivyohivyo. Nakuomba ufanye kitu kimoja leo: ingia kwenye ruta, tafuta ukurasa wa UPnP, uangalie orodha ya poti zilizofunguliwa. Mimi nilikuta sita. Mbili za torenti, moja ya mashine ya michezo, na tatu za kifaa cha kurekodi picha za kamera, ambacho bado kilikuwa na neno la siri la kiwandani. Hakuna mtu nyumbani aliyekiruhusu.

UPnP kwa kawaida haiulizi neno la siri. Kifaa chochote kilichomo ndani kikiomba mlango kinapewa, kiwe kizuri au kimeshaambukizwa. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na vifaa vya aina hiyo kwa wingi, kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Nimeizima UPnP. Kufungua poti kwa mkono kunachukua dakika kumi, na unajua ulichofungua.

Mchangiaji wa 5
Kuna ambao hata mkifungua vipi hamtafanikiwa, na ningependa mjue mapema. Nilipoteza wikendi mbili nikidhani nimekosea mipangilio. Mwishowe nikatazama anwani ya nje ambayo ruta imepewa na mtoa huduma: ilianzia 100.72. Kundi lote la kuanzia 100.64 hadi 100.127 ni anwani za ndani ya mtoa huduma mwenyewe. Wateja wengi mnachangia anwani moja ya kweli, na mlango wa nje anaushika yeye.

Kupakua bado kunawezekana, kwa sababu wewe ndiye unayewatafuta wenzako. Unachokosa ni wao kukutafuta wewe. Mimi nilitokea kwenye IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti: kompyuta ina anwani yake ya kweli, hakuna poti ya kuelekeza, unaandika tu kanuni kwenye faiawoli (ukuta wa kuzuia wa nje) ya ruta kwamba kifaa hiki kipokee poti hii. Kanuni moja tu. Msizime faiawoli yote ya IPv6. Vifaa vyote vya nyumbani vitabaki uwanjani.

Mchangiaji wa 6
Kwangu usalama haukuwa shida, ila mtandao wa nyumbani ulikufa kila torenti zikiwaka. Chanzo ni kasi ya kupandisha: ikijaa, hata taarifa ndogo za kusema "nimepokea" zinakwama foleni, na kupakua kunasimama. Nilipima nikapata megabiti 5 kwa sekunde, yaani kilobaiti kama 625. Programu nikaipa mwisho wa kupandisha wa kilobaiti 500. Mwanzoni niliandika 5000 kwa kuchanganya biti na baiti, kwa hiyo angalieni hapo. Miunganisho nayo nimepunguza hadi 200, maana ruta yangu ya zamani ilikuwa inazidiwa hadi inajizima.

Mchangiaji wa 7
Hili langu linaniuma hadi leo. Programu yangu ina ukurasa wa kuiongoza kwa kivinjari, nikafungua poti 8080 ili niitumie nikiwa kazini. Neno la siri sikubadilisha. Siku moja nikakuta torenti ambayo sikuiweka mimi, na kwenye mipangilio, sehemu ya "endesha amri faili likikamilika", kuna amri ndefu nisiyoielewa. Mtu alikuwa anaiendesha kompyuta yangu.

Niliifuta yote nikaanza upya. Poti ya torenti inapokea vipande vya faili, lakini ukurasa wa kuongoza unapokea maagizo, kwa hiyo huo usiufungue nje kabisa. Sasa nikiwa mbali naingia nyumbani kwanza kwa WireGuard (VPN, njia ya siri ya kufika mtandao wa nyumbani), ndipo naufungua kama niko sebuleni.

Mchangiaji wa 8
Naongeza moja. Machi 2016 programu ya torenti ya Transmission 2.90 ya Mac ilitiwa programu hasidi ya KeRanger kwenye tovuti yake rasmi. Ilikaa kimya siku tatu, kisha ikaanza kufunga mafaili na kudai fidia. Faiawoli haikuzuii kuingiza kitu kwa mkono wako. Torenti huhakiki vipande, lakini inathibitisha tu kuwa ulichopata ndicho alichokiweka mwenye torenti. Kama yeye ni mwongo, umepata uongo kamili. Mimi hulinganisha SHA256 (alama ya kipekee ya faili) na ile iliyo kwenye tovuti ya Debian kabla ya kufungua chochote.

Mleta mada
Nashukuru sana wakuu. Baada ya kumsoma wa 4 nimekwenda kuangalia: UPnP yangu ilikuwa wazi, na ndani kuna poti ya runinga. Nimeizima, runinga inacheza kama kawaida. Wa 3, tafadhali urudi utuambie umekuta ngapi. Na kwa watakaopima poti zao, pimeni programu ikiwa imewashwa. Mimi nilipima ikiwa imezimwa, nikaambiwa imefungwa, nikahangaika saa nzima bure.

Mchangiaji wa 3
Nimerudi. Nne. Mbili sizijui ni za nini.