Naomba ushauri: mzigo wa samaki umekwama Somanga, barabara ya Lindi–Dar imekatika

Habari za saa hizi ndugu zangu. Naomba msaada wa haraka. Mvua za kimbunga Hidaya mwanzoni mwa mwezi huu wa Mei 2024 zimezoa makalavati na tuta la barabara pale Somanga, na kenta yetu iko upande wa kusini, ina samaki kutoka Lindi wa kupeleka soko la samaki la Feri, Dar. Magari yamepangana, abiria wanalala kwenye mabasi. Dereva ananiambia maji ya barafu yanadondoka chini ya bodi tangu alfajiri, na tayari yana rangi ya damu.

Kugeuza na kuzunguka Masasi, Songea, Njombe, Makambako hadi Morogoro ni zaidi ya kilomita 1,400, badala ya 450 hivi. Mafuta peke yake yanameza mtaji, na samaki hawatafika.

Nafikiria arudi, akipata barafu njiani aongeze, wanaobaki wazima wauzwe kwa bei ya kutupa, wengine tuwapige chumvi tuwaanike. Lakini jua lenyewe halijatulia. Kuna aliyewahi kuvusha mzigo kwa boti kutoka Kilwa? Nauli ikoje, na ni salama bahari ikiwa hivi? Mtaji ni wa mkopo wa kikundi cha akina mama, tafadhali nisaidieni.