Maji ya bomba yananuka klorini, ninywe?

Wadau, kila mvua kubwa ikinyesha maji yananuka klorini hadi chai inaharibika ladha. Nasikia inaleta kansa. Niache kuyanywa?

— Usiache, klorini hukukinga na kipindupindu, ambacho huua kwa saa chache! Nimefanya kazi mtambo wa maji miaka mingi. Mvua huleta majani yaliyooza. Klorini ikikutana nayo huzaa kemikali ziitwazo trihalomethani, klorofomu ikiwemo. Marekani kikomo chake ni mikrogramu 80 kwa lita, wastani wa mwaka. Kansa ya kibofu inahusishwa na kunywa maji yenye kemikali hizo miaka na miaka, si glasi ya leo.

— Kwa hiyo nichemshe?

— Chemsha bila kifuniko, dirisha wazi, klorofomu hupaa. Chujio la mkaa nalo husaidia, ila mkaa ukichoka ni pambo tu.

— Langu lina miaka mitatu. Duh.