Mashine ya alizeti inakula beringi: ninunue za China au za Japani?

Mkamuaji_SGD:
Heshima kwenu wakuu. Nipo Singida, nasimamia mashine ya kukamua alizeti, ile ya skrubu, mota HP 25. Tangu mwezi wa kwanza hii ni mara ya tatu beringi ya nyuma ya shafti kubwa inakufa, ile ya tepa, yenye rola za mshazari, upande wa giaboksi. Inapata moto huwezi kuweka kiganja, grisi inayeyuka inachuruzika chini, siku mbili tatu unasikia inasaga kama ina mchanga ndani, kwisha habari. Swali langu ni moja tu, ninunue za China jozi 65,000 au za Japani 210,000? Fundi wangu anasema zote ni chuma. Naomba majibu ya haraka, alizeti ya watu imejaa stoo na wenyewe wanapiga simu mpaka usiku. Matusi sitaki.

DerevaMstaafu:
Pole mkuu. Mimi Fuso nimeendesha miaka 19, habu za mbele ni tepa tupu, na siri yake ni nati. Unakaza huku unazungusha gurudumu, likianza kuwa zito unalegeza kidogo, unatia pini, basi. Kuna utingo wangu mmoja alikaza kwa bomba refu la mita nzima kama anafunga geti la benki, tulishuka Sekenke habu inafuka moshi, tukalala pale siku mbili tunakula mihogo. Huyo kijana sasa hivi ana daladala zake tatu, dunia hii bwana.

MamaNgombeWawili:
Mashudu mnauza kilo bei gani hapo kwenu?

FundiChuma77:
Mkuu kabla ya China na Japani, tupe namba iliyoandikwa kwenye beringi. Iliyokuja na mashine ilikuwa namba gani, na ilidumu muda gani? Na kuna kitu umebadilisha kwenye mashine?

Mkamuaji_SGD:
Hizi tunazofunga ni 30311. Ya mwanzo ilikaa misimu miwili mizima, namba sikumbuki, fundi aliitupa. Hatujabadilisha kitu. Mimi nimeuliza bei nyie mnanihoji kama polisi.

Tichaa_wa_Karakana:
Vijana mnapenda mkato. Beringi ya tepa ina historia yake, hati miliki ilitolewa Marekani mwaka 1898 kwa Henry Timken, fundi wa magari ya farasi. Shida yake ilikuwa gari likikata kona ekseli inasukumwa kwa pembeni, akaweka rola za mshazari zibebe uzito wa kutoka juu na msukumo wa ubavuni kwa pamoja. Ila msukumo inaubeba wa upande mmoja tu, ndio maana zinafungwa mbili zikielekeana au zikipeana mgongo. Sasa nyie mnazipiga nyundo moja kwa moja, au mnazipasha kwa gesi ya kuchomelea mpaka zinageuka bluu! Ukizidisha nyuzi 125 umeshaiharibu kabla haijaanza kazi. Wanafunzi wangu wa zamani wakisoma hapa wanajua nawasema wao.

FundiChuma77:
Ticha nimekuelewa ila tumuache jamaa aseme. Mkamuaji, mashudu yanatoka mazito au membamba?

Mkamuaji_SGD:
Membamba.

FundiChuma77:
Zamani je?

Mkamuaji_SGD:
Sawa basi niseme. Mwezi wa kwanza nilikaza mdomo wa kutolea mashudu. Zamani yalikuwa yanatoka mazito kama kigae, sasa hivi kama karatasi. Jirani yangu alikuwa ananizidi lita kwa kila gunia na wateja wote wanahamia kwake, mngekuwa nyie mngefanyaje? Na mafuta yameongezeka kweli, kwa hiyo kulegeza silegezi. Halafu nimeshatoa advansi Kariakoo kwa jozi sita za China, kwa hiyo nachotaka kujua ni kama nimekosea bei.

FundiChuma77:
Si ulisema hujabadilisha kitu 😂

Sikiliza. Skrubu inasukuma alizeti mbele, alizeti nayo inairudisha skrubu nyuma, na anayepokea kile kishindo chote ni hiyo beringi. Ukibana mdomo msukumo unapanda. Hesabu za beringi za rola ni kali, mzigo ukiwa mara mbili maisha yake yanapungua kama mara kumi, siyo mara mbili kama watu wanavyodhani. Kwa hiyo hata ya Japani utaiua tu, kwa bei kubwa zaidi.

Na kuna jambo linanitia shaka. 30311 ni shimo milimita 55, nje 120, unene 31.5. Sasa kuna 31311, vipimo hivyo hivyo kabisa, inaingia kwenye nyumba ile ile, tofauti ni mshazari tu, yake umelala zaidi kwa ajili ya msukumo mkubwa wa ubavuni. Muuza duka akipima kwa venia, kile kipimo cha taya, atakwambia ni ile ile. Tafuta kikombe cha zamani, ile ringi ya nje ya beringi, usome namba.

Kaka_Mkubwa_Ilongero:
Jamani mbona mnamwamini? Mimi mkulima. Huku alizeti tunavuna kuanzia mwezi wa tano, huu ni mwezi wa tatu, hiyo stoo iliyojaa imejaa nini, upepo? Hii ni chai, tena sukari imezidi. Huyu ni muuza beringi anatafuta wateja, subirini mtaona namba ya simu.

Zuzu_wa_Mjini:
Mimi chai bila chapati sinywi.

DerevaMstaafu:
Kama ni chai basi na Sekenke yangu mtasema chai.

Mkamuaji_SGD:
Kaka Mkubwa wewe unavuna unauza siku hiyo hiyo, wenzako wananunua msimu wanafungia stoo wanasubiri bei ipande. Hiyo ndiyo ninayokamua. Na mnajua kwa nini sitaki maswali? Mashine siyo yangu, ni ya shemeji, yuko Dar, anajua ni beringi moja tu iliyokufa. Dada yangu akisikia nimekaza mdomo bila kumuuliza mume wake mimi sina pa kulala. Haya nimeshuka kwenye shimo la taka asubuhi hii na kandambili, kikombe nimekipata, nimekifuta na mafuta ya taa. 31311. Picha hiyo hapo.

FundiChuma77:
Sasa tumeongea. Kukaza ndiko kulikomaliza ile ya kwanza ambayo ilishachoka, hizi mbili za baadaye umezinyonga kwa namba. Rudi 31311, koni (ile ya ndani yenye rola) na kikombe chake pamoja, usichanganye na vya zamani. Mdomo legeza taratibu mpaka moto upungue, na mbegu zipashe kabla ya kukamua, mafuta yatatoka bila kubana hivyo.

Mkamuaji_SGD:
Kuni nazo ni hela fundi. Lakini sawa, nitajaribu na gunia moja kwanza. Muuzaji wa Kariakoo nimempigia, amekubali kubadilisha jozi mbili tu. Kwa hiyo nitabaki na nne za 30311, mpya, ziko kwenye boksi. Kama kuna mwenye uhitaji aje PM, bei tutaelewana.

Kaka_Mkubwa_Ilongero:
SI NILIWAAMBIA???

MamaNgombeWawili:
Na mashudu?