Thamostati ya kuprogramu: ya dola 40, Nest au ecobee? (nyumba ya gesi, Minnesota)

KibandaChaBarafu:
Wakuu habari za baridi. Tumehamia nyumba yetu Brooklyn Park mwezi wa nane, sasa ndo baridi yenyewe inaanza kubisha hodi na ukutani kuna thamostati (kile kifaa cha kuwasha na kuzima joto la nyumba) ya kizamani ile ya duara ya kuzungusha kwa mkono, haina saa haina nini, mtu ukienda kazini inaunguza gesi siku nzima nyumba tupu. Nataka niibadilishe kabla ya Desemba. Nimebaki na tatu, kuna ya kawaida ya betri ya kuprogramu unaikuta maduka ya vifaa kama Menards au Home Depot kama dola 40 hivi, kuna Nest ya wai-fai inayojifunza yenyewe ratiba yenu, na kuna ecobee nayo ya wai-fai yenye sensa ya kuweka chumba kingine ila hiyo ukilipa na kodi umeumia. Fanesi, yaani mashine ya kupasha hewa, ni ya gesi, ducti (njia za hewa) zinapeleka hewa nyumba nzima. Mimi nafanya kazi mchana, wife ni nesi yuko naiti analala mchana, watoto shule, halafu bimkubwa amekuja kutoka Tanga na kwake nyuzi 74 za Fahrenheit bado ni baridi, anakaa sebuleni na sweta na khanga juu. Sasa hiyo programu naipanga kwa ajili ya nani? Aliyetumia aniambie ukweli, sio tangazo.

FundiDucti (Columbus, Ohio):
Kabla hujachagua chochote chomoa hiyo ya zamani uangalie waya. Hilo ndo linaamua, sio matangazo. Zima swichi ya fanesi kwanza, ile inayofanana na swichi ya taa ubavuni mwa fanesi, au zima breka. Umeme wa pale ni volti 24 tu haukuui, ila ukigusanisha R na C umeunguza fyuzi ndogo kwenye bodi ya umeme ya fanesi na unakaa na baridi mpaka uipate nyingine. Piga picha kabla hujalegeza skrubu hata moja.

Fuata herufi, rangi usiziamini maana aliyefunga zamani alitumia waya alionao. R ni umeme unaoingia, W ni joto, Y ni AC, G ni feni, C ni njia ya kurudi ndo inayoipa thamostati umeme muda wote. Za duara nyingi unakuta R na W tu. Kama ni hizo mbili, ya betri inafunga bila shida yoyote. Hizi za wai-fai zinataka C, Nest kuna nyumba inakubali bila C kwa kuchota umeme kidogo kidogo kwenye waya zingine lakini kwa baridi ya Minnesota mimi singelala na wasiwasi huo. ecobee inakuja na kifaa kidogo cha kufunga kwenye fanesi badala ya C, ila nacho kinataka uwe na R, W, Y na G zote.

Tupa picha hapa.

KibandaChaBarafu:
Ngoja nifungue jioni nikirudi.

mamaShifti (St. Paul):
Hebu rudi usome penye umeandika wewe mwenyewe 😂 eti nyumba tupu siku nzima. Bibi yako amelala chumbani, mamako ako sitting room na sweta. Hiyo nyumba iko tupu saa ngapi?

Nakuambia hivi juu mimi pia niko nursing home, naiti. Pesa mingi unayolipia Nest na hizo zingine ni ya kujua mmetoka ndio ishushe joto. Na nyinyi hamtoki! Alafu ile ya kujifunza itajifunza nini kwa mtu wa shifti, wiki hii niko Jumatatu na Jumanne, wiki ijayo wamenipea wikendi, inakaa hapo imechanganyikiwa. Mimi niko na ya betri tu, lakini angalia kitu moja, usichukue ile ya 5-2, yaani siku tano za kazi ziko sawa na wikendi mbili ziko sawa. Hiyo ni ya watu wa ofisi. Chukua ya siku 7, kila siku unaipangia yake, tofauti ya bei ni kidogo.

Yangu iko hivi: saa tano usiku inashuka 62 juu wenye wako nyumbani wote wako ndani ya blanketi, saa kumi na moja alfajiri inaanza kupanda ifike 69 watoto wakiamka, na mchana haiguswi inakaa 68. Basi. Hiyo ya usiku pekee ndio inaniokolea.

FundiDucti:
Huyu dada amemaliza. Na hesabu yake inakubali, Wizara ya Nishati ya Marekani wenyewe wanasema ukishusha nyuzi 7 mpaka 10 za Fahrenheit kwa masaa 8 kwa siku unaweza kupunguza mpaka asilimia 10 ya gharama ya joto na baridi kwa mwaka. Hawajasema lazima ushushe kwa apu. Energy Star, mpango wa serikali wa kuzipa lebo mashine zinazookoa nishati, waliacha kuzipa lebo thamostati za kuprogramu mwisho wa 2009 na sababu mojawapo watu walikuwa wanabonyeza Hold (baki hapo hapo) wanaiacha hapo mpaka msimu unaisha, programu haifanyi kazi hata siku moja. Naingia nyumba za watu kila wiki, hilo neno Hold nalikuta kwenye skrini nyumba kibao.

Kitu kingine, kuna setingi inaitwa "recovery", hiyo ikiwa imewashwa ukiandika 69 saa kumi na mbili asubuhi fanesi inaanza mapema yenyewe ili saa kumi na mbili iwe IMEFIKA. Watu wanaisikia inanguruma saa kumi na moja wanadhani imeharibika.

PweziMkavu (Seattle):
Naongezea kwa wanaopita hapa wenye hiti pampu (mashine ya umeme inayovuta joto la nje kuleta ndani), hayo ya kushusha nyuzi 7 msiyaige. Ukiipandisha ghafla asubuhi inajiona haiwezi inaita zile hita za umeme za akiba na hizo ndo zinakula bili. Sisi tunashusha mbili tatu tu. Na ukiwa na hita za ukutani za umeme zile ndefu za chini ya dirisha, hizo ni volti 240, thamostati zote mnazozitaja hapa hazihusiki, kuna zake.

KivuMaine (Lewiston, Maine):
Hapa kwetu ni boila ya mafuta ya mazuti, inapitisha maji moto mu tuyo, ni kusema bomba, za pembeni ya ukuta. Iko pole sana. Ukishusha sana usiku, asubuhi unangojea mpaka watoto wanaenda na basi njo nyumba inaanza kupata moto. Na kuko hatari ingine, zile tuyo zinapita ku ukuta wa inje, joto ikishuka maji inasimama haitembei, na kama inje ni baridi mbaya inaganda, tuyo inapasuka. Hata mukisafiri musizime kabisa. Chini ya 55 mie siendi.

ChumviKidogo (Northampton, Uingereza):
Huku mambo mengine kabisa ndugu zangu, boila ni ya kombi (moja inapasha nyumba na maji ya bomba) na kila radieta ina valvu yake ya kupunguza joto, kwa hiyo hilo suala la "chumba cha mama" linaisha kwa kuzungusha valvu. Nalosema ni moja tu, chumba chenye thamostati valvu yake iacheni wazi kabisa, la sivyo valvu inafunga, chumba hakipati moto, thamostati inaendelea kuita boila, mnachemsha vyumba vya wengine mpaka mnafungua madirisha. Na tafadhali asilete mtu thamostati kutoka Marekani kwenye sanduku eti ni rahisi, boila nyingi za huku zinaendeshwa na swichi ya volti 230.

KibandaChaBarafu:
Nimefungua. Kuna R, W, Y, G na waya wa bluu umekunjwa nyuma haujafungwa popote. Ndani kuna kichupa cha kioo kina zebaki inatingishika.

mamaShifti:
Hiyo ya zebaki usitupe kwa takataka ya kawaida, Minnesota ni marufuku. Kaunti ya Hennepin wako na kituo cha kupeleka vitu kama hizo, na kiko hapo hapo kwenu Brooklyn Park.

FundiDucti:
Huo wa bluu ndo C wako kama upande wa pili nao haujafungwa au umefungwa kwenye C ya bodi, fungua kifuniko cha fanesi utazame. Maana yake unaweza kufunga yoyote kati ya hizo tatu. Lakini baada ya aliyosema dada hapo juu mimi ningechukua ya siku 7. Ukitaka ecobee basi iwe kwa sababu ya sensa, unaiweka chumba anacholala wife, mchana unaiambia isikilize sensa ya huko tu isisikilize sebule. Ila elewa sensa haipeleki joto chumbani, fanesi ni ile ile moja inapuliza kote, sensa inaamua tu izime saa ngapi.

KibandaChaBarafu:
Nachukua ya siku 7. Sasa bimkubwa. Kila nikirudi nakuta 80 na anasema anaipandisha sana ili ipashe haraka. Naona hizi mpya zina kufuli ya namba.

ChumviKidogo:
Umfungie mama yako joto kwa namba ya siri? Atapiga simu Tanga usiku huo huo na ukoo mzima utajua.

mamaShifti:
😂😂 wewe usijaribu

PweziMkavu:
Mwambie tu kistaarabu kwamba fanesi ya kawaida inapuliza joto lile lile ukiweka 70 ama 80, haiendi mbio zaidi, inachelewa kuzima tu. Na muhamishie kiti. Kama anakaa karibu na dirisha kubwa au mlango wa nyuma atasikia baridi hata ikiwa 76 maana kile kioo kinamnyonya joto.

KibandaChaBarafu:
Kweli anakaa dirishani, anapenda kutazama njia. Nitamhamishia upande wa pili. Bimkubwa ngoja tukubaliane 71 mchana tuone. La mwisho fundi, kwenye kitabu cha hii niliyonunua kuna sehemu inauliza mizunguko kwa saa, yaani fanesi iwake mara ngapi kwa saa, 1, 3, 5 au 9. Niweke ngapi?

FundiDucti:
Angalia bomba la kutolea moshi kwenye fanesi. Ni la chuma au plastiki nyeupe?

KibandaChaBarafu:
Plastiki nyeupe, linatokea ukutani nje.

FundiDucti:
Basi hiyo inageuza asilimia 90 kwenda juu ya gesi kuwa joto la nyumba, weka 3. Ya chuma ndo 5. Na lile tundu la waya nyuma ya thamostati liziba, hewa baridi ya ndani ya ukuta ikipuliza hapo itasoma nyumba ni baridi kuliko ilivyo.

KibandaChaBarafu:
Nimeziba na kipande cha sponji. Imewaka, inasoma 67. Shukrani wote.