Mashine ya kuchomelea ikianza kusumbua: tutengeneze au tununue nyingine? Tupeane uzoefu

Geti_Ndeeba
Wakubwa, habari za kazi. Tukusanye hapa tunachojua kuhusu mashine ndogo za nyumbani: inveta za kubeba begani, na transfoma zinazosukwa na mafundi wetu wa Katwe, Kampala. Tafadhali mtu asiandike "imekufa" akaishia hapo. Taja imefia wapi na ulipimaje.

Naanza na umeme wenyewe. Rodi ikinata na moto ukizimika-zimika, pima volti kwenye plagi ya mashine wakati mwenzako anachoma. Kipimo cha mashine iliyotulia hakikwambii kitu. Waya wa milimita 1.5 wenye urefu wa mita 30, ukibeba ampea 20, unameza volti 14 hivi. Wa 2.5 unameza 9, wa 4 unameza 5 au 6. Saa za jioni umeme ukiwa umeshashuka, mashine inabaki na volti mia na tisini na kitu badala ya 240. Ukinunua mpya bila kubadilisha huo waya, nayo itanata vilevile.

Spana_Mbale
Kwa inveta, usalama kwanza. Chomoa plagi, ngoja dakika 5, ndipo ufungue. Zile kapasita kubwa hushika volti kama 340, zinaua. Zimalize kwa rezista ya kilo-omu 2, wati 10, yenye mishikio iliyokingwa. Shikilia sekunde 10, kisha upime mpaka mita isome chini ya volti 10. Usizipige shoti kwa bisibisi.

Weka mita kwenye alama ya dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu). Kwanza matundu ya kutolea umeme: waya mwekundu kwenye hasi na mweusi kwenye chanya, isome kidogo tu, ukigeuza isilie. Ikilia pande zote mbili, dayodi za kutolea zimekufa. Halafu pima daraja la dayodi pale umeme unapoingia, halafu transista za nguvu, mguu wa kati na wa tatu. Kanuni ni hiyohiyo.

Taa inawaka vizuri lakini ukigusa chuma tu mashine inazima? Angalia rilei (swichi inayojifunga yenyewe kwa umeme) karibu na swichi kubwa. Umeme huanza kupita kwenye kithamista, kizuizi kinachobana umeme, ili kapasita zijae taratibu, kisha rilei inafunga njia kubwa. Midomo ya rilei ikiungua, mzigo wote unabaki kwenye kithamista, nacho kinachemka hadi kupasuka. Badilisha vyote viwili. Rilei, feni, swichi, kitufe cha ampea: hivyo ni vya kutengeneza kila mara, usimsikilize anayekwambia utupe.

Transista ikipasuka ni habari nyingine. Usibadilishe moja. Badilisha seti nzima, aina moja, pamoja na rezista ndogo za geti (mguu unaoamrisha transista) na zena zake (dayodi za kulinda mguu huo), kwa sababu ikipasuka hurudisha volti kubwa huko nyuma. Ukiweka transista mpya juu ya zena iliyokufa, italipuka mara tu ukiwasha. Paka grisi mpya ya kupoozea. Washa mara ya kwanza ukipitisha umeme kwenye balbu ya zamani ya waya, si LED, ya wati 100: ikimulika kisha ikafifia, endelea, ikibaki kali, shoti bado ipo. Usichome balbu ikiwa bado imeungwa.

Koili_Kisenyi
Transfoma sitaki kuona mtu anaitupa. Kwaruza koili kidogo kwa tupa: ndani nyekundu ni shaba, nyeupe ni alumini. Ya shaba isukwe upya. Ya alumini iliyoungua, mara nyingi gharama ya kusuka haina faida.

Simama na fundi mkihesabu mizunguko anapofumua. Kama upande wa 240 una mizunguko 160 na wa kuchomea 40, mashine inatoa volti 60 kabla ya moto kuwaka, isizidi 80. Fundi akipunguza mizunguko pande zote ili kuokoa shaba, uwiano unabaki uleule lakini chuma cha katikati kinazidiwa: inanguruma na kuchemka hata kabla hujashika rodi. Vanishi ikauke kabisa. Pima kwa mega (kipimo cha uvujaji wa umeme) ya volti 500 kati ya koili na bodi la chuma la mashine. Chini ya megaomu 1 usiwashe.

Mama_Madirisha
Ukiamua kununua, usidanganywe na maandishi ya 300 A. Ampea 200 zinahitaji volti 28 hivi kwenye moto, yaani wati 5,600 bila kuhesabu upotevu. Plagi ya ampea 13 inapitisha wati 3,120. Madirisha na mageti ya kawaida ni rodi ya milimita 2.5 kwa ampea 70 hadi 90, na 3.2 kwa 100 hadi 130. Mashine ya ampea 140 za kweli inatosha. Iwe na 60% kwa dakika 10, maana yake unachoma 6, unapumzisha 4.

Spana_Mbale
Naongeza: mende na vumbi la grainda. Vumbi la chuma linapitisha umeme, na kinyesi cha mende kinakula nyaya za bodi ya saketi. Pulizia kwa kompresa, presha ndogo, ukishika feni isizunguke.

Geti_Ndeeba
Kwangu mpaka ni nusu ya bei ya mashine mpya ya nguvu ileile. Ikizidi hapo, nanunua. Bodi ya saketi iliyoungua hadi ikawa mkaa naiacha hata kama fundi anaomba kidogo, kwa sababu mkaa wenyewe unapitisha umeme na shoti itarudi. Mkikubaliana kutengeneza, mwambie akupe spea za zamani mkononi, na kabla ya kulipa choma rodi tatu za 3.2 mfululizo palepale kwake.