Waandaaji wa safari za Longonot, acheni kuchezea maisha ya watu!

Jamani, nimechoka na hawa wanaojiita waandaaji wa safari. Wanabandika picha ya kreta ya Mlima Longonot, lile shimo kubwa la volkano kule juu, wanaandika "matembezi mepesi, hata anayeanza anaweza", wanakusanya pesa kwa simu, kisha siku yenyewe basi linaondoka Nairobi saa nne badala ya alfajiri. Longonot ni kama kilomita 90 tu, lakini kwa kuchelewa hivyo tulifika langoni jua la utosi. Na mlima ule hauna kivuli! Ni majivu ya volkano na vichaka vifupi, vumbi linaingia hadi kooni.

Halafu wepesi gani huo? Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3 za kupanda. Kuuzunguka ukingo ni zaidi ya kilomita 7, na kilele chenyewe, mita 2,776, kiko ng'ambo, si pale watu wanapopigia picha. Kuna mahali njia ni mfereji mwembamba uliochimbwa na mvua, changarawe zinakuponyoka chini ya raba. Huko juu hupati maji popote.

Wao walitugawia maji ya chupa ndogo. Za plastiki! Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja ni marufuku katika hifadhi zote za taifa Kenya. Mtu anakula kwa kupeleka watu hifadhini na hilo halijui? Chupa zikazuiwa langoni, tukaambiwa "mtavumilia tu". Mama mmoja alifika ukingoni akaketi vumbini, midomo imempauka, mikono inatetemeka hata kifuniko cha chupa aliyoazimwa hawezi kufungua. Aliyemnywesha ni kijana wa kundi jingine kabisa, aliyebeba chupa yake ya chuma.

Kiongozi wetu alikuwa wapi? Mbele kabisa na spika yake, muziki juu, na wale wenye mbio. Nyuma hakuacha mtu hata mmoja, na nyati wamo mle.

Nilipodai pesa zangu nikaondolewa kwenye kundi la WhatsApp. Sasa wanatangaza safari nyingine, kwa picha ileile. Kabla hujawatumia hata shilingi, waulize: basi linaondoka saa ngapi, maji ni lita ngapi kwa kila mtu, na nani anatembea nyuma na wanaochoka? Wakikwepa, usiende nao.